Walitoka, wanatoka, ao watatoka?



Kila mwaka, wakati wa kuomba burse unapofika, wengi kati yenu munanitumia barua zenu za Kiingereza na kuniambia: «Yaya, utuangalilie kidogo.» Ninaangalia. Mara mingi maneno ni mazuri, mawazo iko, inaonekana kama mutu alisoma. Lakini vitenzi vinatembea sawa walevi: kimoja jana, kingine leo, kingine kesho, kiisha kinarudi tena jana. Na mwenye kuandika haoni. Mimi pia sikukuwa naona. Nilianza kuona siku yenye kosa langu lilikula mafuta ya gari na usiku tatu za watoto wenye hawakukuwa na blanketi.

Leo ninataka kukosoa Kiingereza chetu sisi watu wa Kivu, na nitaanza na changu, juu haifai mutu aanze kwa kucheka mwenzake. Nitachukua maandishi yangu tatu: ripoti, barua ya burse, na muhtasari wa memwari yangu. Kila moja ilikuwa na ugonjwa wake wa vitenzi, na kila moja inaonyesha mahali ugonjwa unatoka.

Tuanze na ripoti.

Nilikuwa nimemaliza lisansi, na nilipata kazi ya miezi tatu ya kukusanya habari kwa shirika moja la musaada. Tulitumwa katika kijiji kimoja cha Kalehe, mahali familia 62 zilikuwa zimekimbilia. Tulifika siku ya tatu. Familia zilikuwa zinalala katika shule ya musingi. Siku ya ine tulimaliza kazi, tukarudi Bukavu. Siku ya tano shule iliomba madarasa yake ili masomo ianze tena, familia zikatoka, zikapokelewa na wenyeji katika kijiji kingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku ya posho mwalimu mumoja wa pale alinipigia simu, akanielezea hayo yote. Siku ya yenga nikaandika ripoti, kwa Kiingereza, juu wenye kutoa pesa walikuwa wanasoma Kiingereza. Siku ya pili gari lilitoka na blanketi na mabidoni ya maji.

Gari lilifika kwenye shule. Likakuta wanafunzi wako darasani wanasoma hesabu.

Hii njo ilikuwa ripoti yangu: “We arrived in the village on Wednesday. The families sleep in the primary school. They did not have blankets and the children drink water from the river.” Kiisha, chini kabisa ya ukurasa, niliandika: “After some days the families move to the houses of local people.”

Shefu wetu, Papa mumoja mutulivu, hakunitukana. Aliweka karatasi mbele yangu, akaweka kidole juu ya neno “move”, akauliza: «Mudogo wangu, hapa walitoka, wanatoka, ao watatoka?»

Mimi nilijua jibu. Karatasi njo haikujua. Yeye alisoma “sleep” na “drink”, akaelewa kama familia zingali pale, zinalala pale, zinakunywa maji ya muto. Alisoma “After some days the families move”, akafikiri ni mupango: siku zenye ziko mbele watahamishwa. Hakuna mahali alisoma vibaya. Alisoma kila kitenzi vile kiliandikwa. Ilipita siku tatu mbele gari lingine lipatikane, na ilikuwa wakati wa mvua.

Kuanzia siku ile siamini tena wale wanasema kama wakati wa kitenzi ni kitu kidogo cha walimu wa lugha. Ukisahau “s” kwa nafsi ya tatu, musomaji anakucheka kidogo na anaendelea. Kosa la “s” haliwezi kutuma gari mahali haifai. Kosa la wakati linaweza.

Sasa, juu ya nini mutu mwenye alisoma miaka mitano kwa universite anaandika “sleep” kwa jambo lenye lilishapita? Sikukuwa mujinga wa Kiingereza. Mungeniuliza “slept” ni nini, ningejibu. Nilitafuta sana, na nikaona kama kosa lilikuwa na wazazi wawili: Kiswahili na Kifaransa.

Tuanze na Kiswahili. Sikiliza vile tunapiga hadithi: «Alifika, akaikala, akaomba maji, akalala.» Ni kitenzi kimoja tu, «alifika», chenye kubeba alama ya wakati uliopita. Vingine vinabeba «-ka-», na «-ka-» yenyewe haisemi jana ao juzi. Inasema tu: jambo hili linafuata lile. Wakati inaukopa kwa kitenzi cha kwanza. Ao tunasema: «Alifika na kuikala na kuomba maji.» Hapo vitenzi vya nyuma havina wakati hata kidogo, vinakula kwa sahani ya mukubwa wao. Tena tunasema: «Niliwakuta wakilala.» Ile «-ki-» pia inakopa.

Kwa hiyo masikio yetu yamezoea hivi: kitenzi cha kwanza kinaweka wakati, vingine vinapumuzika. Ni mupango muzuri sana, na Kiswahili hakikosei. Lakini Kiingereza hakina «-ka-». Katika hadithi ya Kiingereza, kila kitenzi kinapaswa kubeba muzigo wake mwenyewe: “He arrived, sat down, asked for water and slept.” Mara ine. Mutu mwenye anafikiri kwa Kiswahili anaandika “arrived”, anajisikia kama kazi imeisha, na anaacha vingine uchi: “He arrived, sit down, ask for water.” Kwa masikio yake hakuna shida, juu wakati ulishawekwa. Kwa musomaji wa Kiingereza, mutu alifika jana, sasa hivi anaikala.

Na musiniambie kama Kiswahili cha kwetu hakijali wakati. Kinajali, tena sana. Tunatofautisha «niko nasoma», «nilisoma», «nilisha soma», na «nilisomaka», yenye inatupeleka mbali, kwa mambo ya zamani ao yenye tulizoea. Tuko na ile «-ka» ya mwisho yenye Kiswahili cha vitabu haina. Kwa hiyo tusijidharau. Akili ya wakati tuko nayo. Tunakosa tu kujua kama Kiingereza kinaiweka mahali pengine.

Sasa Kifaransa. Fungua kitabu chochote cha historia chenye tulisomea kwa sekondari. Katika Kifaransa ni jambo la kawaida kabisa kueleza mambo ya zamani kwa prezenti: mwaka wa 1960 Kongo «inapata» uhuru, tarehe 24/11/1965 Mobutu «anakamata» utawala, mwaka wa 1971 inchi «inageuza» jina na kuwa Zaire. Mwanafunzi anasoma vile miaka sita, na inaonekana kwake kama lugha ya watu wenye kusoma. Kiisha anaandika Kiingereza: “In 1960 Congo becomes independent. In 1965 Mobutu took power. In 1971 the country changes its name.” Kiingereza pia kinaweza kutumia prezenti kwa historia, katika vichwa vya magazeti, katika orodha za tarehe, kwa kinywa cha mutu mwenye anataka hadithi iwe ya moto. Lakini katika maandishi ya kawaida, ya shule ao ya kazi, kinangojea “became”, “took”, “changed”. Na hata wenye kuchagua prezenti hawairuke-ruke: wanaishika mupaka mwisho wa habari. Sentensi zangu hizo tatu hazikuchagua kitu. Mbili ni za Kifaransa, moja ni ya Kiingereza.

Kuko tena jambo moja lenye ni la hatari zaidi kwa sisi wenye kuandika maneno ya mashahidi. Kwa Kiswahili tunasema: «Yule mama alisema askari wako katika kijiji.» Kitenzi «wako» kinabaki vile mama alikitamka. Hatukigeuze. Kifaransa kinakigeuza, na walimu wetu walitupiga juu ya ile kanuni, lakini tukifika kwa Kiingereza tunarudia Kiswahili: “The woman said that the soldiers are in the village.” Musomaji wa Kiingereza akiona “are” kisha ya “said”, anaweza kabisa kuelewa kama mwenye kuandika mwenyewe anahakikisha: mupaka leo askari wako pale. Kama mama alisema vile juma lililopita, inaomba kuandika “were”, na kuongeza siku alisema. Pale kwetu, tofauti kati ya “are” na “were” inaweza kufunga barabara ao kuifungua.

Nafika kwa barua ya burse. Hapa ugonjwa ulikuwa kinyume.

Kisha ile aibu ya gari, niliomba shauri kwa mutu mwenye alikuwa anatufundisha Kiingereza. Akanipa dawa moja, yenye wengi wenu munaijua: «Chagua wakati moja, usiuache mupaka mwisho.» Nilishika ile kanuni sawa amri ya kanisa. Nilipoandika barua ya kuomba burse, nilichagua wakati uliopita, na nikageuza vitenzi vyote, hakuna hata kimoja kilipona.

Niliandika: “I was born in Bukavu. My city was on the shore of Lake Kivu. My mother was a teacher and she always wanted me to study.” Unasoma unacheka? Mimi sikukuwa nacheka. Nilijisikia nimeandika Kiingereza safi, bila kuruka-ruka. Wakati wa mahojiano, mama mumoja kati ya wale watatu wenye walikuwa wananiuliza alifungua kwa sauti ya upole. Alisema: “I am sorry about your mother.”

Mama yangu eko muzima. Mupaka leo anafundisha darasa la tatu. Siku ile alikuwa amenipikia foufou asubuhi mbele nitoke. Na mimi, kwa kinywa cha barua yangu, nilikuwa nimemuzika. Muji wa Bukavu pia niliutoa kwa ziwa.

Kwa hiyo kanuni ya «wakati moja tu» njo ninataka kuikosoa zaidi leo, juu inatembea sana kati yetu na inaonekana kama hekima. Inaponya ugonjwa moja na kuleta mwingine. Yule mwalimu hakunidanganya kwa mapenzi yake. Alinipa kanuni nusu. Inafaa kwa mutoto mwenye anaandika hadithi ya sungura kwa sentensi kumi. Haifai kwa mutu mwenye anaandika maisha yake, juu maisha ya mutu iko na mambo yenye yalishaisha, mambo yenye yangali, mambo yenye yalianza zamani na hayajaisha, na mambo yenye anangojea. Barua ya burse inaomba yote ine ndani ya ukurasa moja. Yule mwenye anaiandika kwa wakati moja anapaswa kusema uongo mahali fulani.

Kanuni nzima, vile ninaielewa sasa, ni hii: usihesabu nyakati ngapi ziko ndani ya maandishi, angalia wewe umesimama wapi. Mwenye kuandika anachagua mahali pa kusimama, kiisha kutoka pale anaangalia nyuma, anaangalia miguu yake, anaangalia mbele. Mambo ya nyuma yanabeba alama ya nyuma, yote. Mambo ya sasa yanabeba alama ya sasa, yote. Akitaka kugeuka, anamwambia musomaji: “now”, “at that time”, “since then”, “last week”. Kugeuka si zambi. Kugeuka bila sababu na bila alama, pale njo iko shida.

Barua yangu ingekuwa hivi: “I was born in Bukavu, a city on the shore of Lake Kivu. My mother is a teacher, and she has always wanted me to study. In 2018 I finished secondary school, and since then I have worked with children who do not go to school.” Hesabu vitenzi. Kuko nyuma, kuko sasa, kuko daraja kati ya nyuma na sasa. Nyakati tatu, na hakuna mutu mwenye anaweza kupotea. Mama anaishi, muji uko kwa ziwa, na kazi yangu ingali inaendelea.

Lile daraja, «prezenti perfekti», ile ya “have worked”, inaomba tuikalie kidogo, juu hapo Kifaransa kinatudanganya mara mbili.

Mara ya kwanza ni sura. Pase kompoze ya Kifaransa inajengwa na «avoir», na inafanana kabisa na “have” ya Kiingereza. Basi tunaandika: “I have finished my studies in 2021.” Sura ni sawa, kazi si sawa. Kifaransa kinakubali pase kompoze pamoja na tarehe yenye ilipita. Kiingereza kinakataa. Ukitaja tarehe yenye imefungwa, “in 2021”, “yesterday”, “last month”, inaomba “finished”. “I have finished” inasema: niko nimemaliza, matokeo iko hapa leo, na siku ya kumaliza siyo habari.

Wenye mulisoma L'Étranger ya Albert Camus, yenye ilitoka mwaka wa 1942, munakumbuka kama Meursault anapiga hadithi yake karibu yote kwa pase kompoze. Ilikuwa jambo la kushangaza kwa Kifaransa, juu romani zilizoea pase sempule. Angalia sasa tafsiri za Kiingereza, ile ya Stuart Gilbert ya mwaka wa 1946 ao ile ya Matthew Ward ya 1988: wote wawili walitumia wakati uliopita wa kawaida. Hawakuweza kufanya namna ingine. Ukitafsiri ile pase kompoze yote kwa “have”, Kiingereza kinavunjika, hadithi haitembei. Kama watafsiri wakubwa walipaswa kuacha ile sura, sisi ni nani tuishike?

Mara ya pili ni «depuis». Kifaransa kinasema kwa prezenti kama ninafanya kazi hapa tangu 2019. Kiswahili pia: «Niko natumika hapa tangu 2019.» Lugha mbili zinakubaliana, basi tunaandika bila woga: “I work here since 2019.” Kiingereza peke yake njo kinataka daraja: “I have worked here since 2019.” Hapa sina siri ya kuwapa. Inaomba tu kushika: kila mara unaandika “since”, rudi nyuma, uangalie kama “have” iko.

Na ukitaka kukumbuka kazi ya lile daraja, usiombe Kifaransa musaada, omba Kiswahili. «Nimefika» maana yake niko hapa. «Nilifika» ni hadithi ya siku ingine. Mutu akikupigia simu akakuambia «nimefika», unaenda kumufungulia mulango. Akisema «nilifika», unauliza: lini? “I have arrived” na “I arrived” zinapishana karibu namna ile. Haifanane kila mahali, lakini kwa kuanza inasaidia kupita pase kompoze.

Andiko la tatu lilikuwa muhtasari wa memwari. Kwa kitivo changu waliomba ukurasa moja wa Kiingereza mwanzoni, na wengi tunautafsiri usiku wa mwisho, mbele ya kupeleka kwa kufunga vitabu. Wangu ulianza hivi: “This work studied the price of beans in three markets. We will ask 90 sellers. The results show that prices increased.” Jambo moja, kazi moja yenye ilishaisha, na niliiweka kwa nyakati zote zenye nilijua. Ile “we will ask” ilitoka kwa projeti yangu ya mwanzo. Niliiandika wakati kazi ilikuwa ingali mbele, kiisha nikakopi bila kugeuza. Mwenye kusoma angeweza kuuliza: uliuliza wale wauzaji, ao bado?

Hapa hakuna haja ya kubahatisha, juu watu walishapanga. Mwongozo wa APA, wenye unafuatwa katika masomo mingi ya mambo ya jamii, unagawanya hivi: ukieleza kazi za wengine wenye walikutangulia, tumia wakati uliopita ao prezenti perfekti; ukieleza namna ulifanya kazi yako, pia; matokeo yako, wakati uliopita; na maana ya matokeo, mambo yenye unaona ni kweli mupaka sasa, prezenti. Kwa hiyo: “We interviewed 90 sellers. Prices increased between March and June. These results suggest that transport is the main problem.” Nyakati mbili, na kila moja iko kwa kazi yake. “Interviewed” na “increased” ni mambo yenye yalitendeka na kuisha. “Suggest” ni mimi leo, nimesimama mbele yako, ninasema ninafikiri nini.

Wale wa fasihi, nyinyi muko na desturi yenu. Wakosoaji wa Kiingereza wanazungumuzia mambo ya ndani ya kitabu kwa prezenti. Achebe alitoa Things Fall Apart mwaka wa 1958, na hadithi yote imepigwa kwa wakati uliopita. Lakini mukosoaji anaandika “Okonkwo kills Ikemefuna”, si “killed”, juu kila mara mutu anafungua kile kitabu, lile jambo linatendeka tena mbele yake. Tarehe ya kitabu yenyewe ni historia: “Achebe published the novel in 1958.” Katika sentensi mbili zenye kufuatana, nyakati mbili, na zote ni sawa. Munaona kama yule wa «wakati moja tu» angezikata zote mbili kwa kalamu nyekundu bila sababu?

Wengine watanijibu: «Yaya, lakini wandishi wakubwa wanachanganya.» Ni kweli kama wanageuza. Charles Dickens, katika Bleak House, yenye ilitoka vipande-vipande mwaka wa 1852 na 1853, aliweka wapiga hadithi wawili: mumoja anaeleza kwa prezenti, na Esther anaeleza kwa wakati uliopita. Kitabu kirefu sana, na musomaji hapotei, juu mupaka uko wazi: sauti hii, wakati huu, sauti ile, wakati ule. Dickens aligeuza juu alitaka. Mimi katika ripoti ya Kalehe niligeuza juu sikukuwa naangalia. Ukiulizwa «kwa nini hapa uligeuza?» na uko na jibu, wacha kitenzi chako. Ukikosa jibu, rekebisha.

Sasa, namna ninafanya leo. Ni kazi ya mikono, haina utaalamu. Nikimaliza kuandika, ninaacha karatasi ilale usiku moja kama wakati unaruhusu. Asubuhi ninakamata kalamu ya rangi na ninapiga mustari chini ya kila kitenzi, vitenzi tu. Kiisha juu ya kila kimoja ninaandika herufi: N kwa nyuma, S kwa sasa, M kwa mbele, D kwa daraja. Ninasoma zile herufi peke yake, bila maneno. Ripoti yangu ya Kalehe ingekuwa: N, S, N, S, S. Hata mutu mwenye hajui Kiingereza angeona kama kuko kitu hakiende. Barua ya mama yangu ingekuwa N, N, N, N, mupaka chini, na hiyo pia inapasha kukushitua: mutu mwenye maisha yake yote ni N, ni mutu mwenye alishakufa.

Kiisha, mahali herufi inageuka, ninajiuliza maulizo mbili tu: kuko sababu? Kuko alama kwa musomaji? Kama ni ripoti yenye kusema habari za watu wenye kukimbia, ninaongeza ulizo la tatu, lile la Papa yule: walitoka, wanatoka, ao watatoka? Na ninaweka tarehe, juu tarehe inasaidia hata kitenzi kikiteleza. “On Friday 62 families left the school and went to stay with local people in the next village. They are still there. They need blankets.” Ile “They are still there” ingetosha. Maneno ine, na gari lingefika mahali pake.

Kuna wenye watasema Kiingereza si lugha yetu, juu ya nini tujisumbue. Ninaelewa. Mimi pia ninatamani siku moja ripoti ya Kalehe iandikwe na isomwe kwa Kiswahili, na mwenye kutoa pesa ajifunze «-ka-» yetu. Lakini tangu mwaka wa 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi na burse mingi zinapitia kwa Kiingereza, na wale wenye tunaandikia habari zao hawatuchagui na hawaoni vile tuliandika. Yule mama mwenye alilala kwenye shule hakusoma ripoti yangu. Alingojea tu.

Kwa hiyo kabla hujanitumia barua yako tena, mudogo wangu, kamata kalamu ya rangi. Piga mistari, andika herufi zako. Na pale umeandika “my mother was”, mupigie mama simu kwanza.